Joto la Saa za Kazi

Jumatano, 5 Februari

Mdogo wangu Mama Kufuli,

Nakuandikia kwa kalamu kama enzi za bweni, maana simu yako haipatikani tangu huyo Mtundu wako aiogeshe kwenye ndoo. Barua atakuletea Baba Barafu, dereva wetu wa chuo, kesho, akija kliniki kuchukua sampuli za damu. Nimemwonya apige honi moja tu, fupi, asikuamshie kichanga chako. Bado anacheka ukimtikisia funguo? Mtoto wa mtunza stoo, atapenda nini kingine.

Haya, kaa kitako. Jarida limejibu. Hawakuikataa makala yetu. Rudia kusoma hapo: hawakuikataa. Wahakiki wawili wameipitia. Wa kwanza katusifu. Wa pili ni mmoja wa wale watu wanaochambua mchele punje kwa punje. Anataka tumrekebishie mambo matano. Manne nimeyamaliza. La tano liko mikononi mwako.

Makala inasema hivi: dawa ya watoto ya unga, ile antibiotiki, ikishachanganywa na maji hubaki na nguvu siku ishirini na moja katika joto la kawaida la chumba, wala si siku saba kama kibandiko kinavyosema. Mhakiki anauliza, usiku joto la kabatini lilikuwa ngapi? Na Jumamosi na Jumapili? Kwenye jedwali tulilompelekea kuna vipimo vya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwingine kweupe. Daftari la joto unalo wewe, najua umelifungia sandukuni pamoja na vyeti vya ndoa. Nitafutie namba hizo, uniletee Alhamisi ijayo.

Sikufichi, mkataba wangu hapa chuoni unakwisha Juni. Bila makala iliyochapishwa hawaniongezei hata siku moja. Huu mwaka wa sita nabeba vitabu vya watu wengine.

Daktari Mkuu wa kliniki yenu hakusubiri hata jarida. Nilimpa waraka wa matokeo, na tangu mwezi uliopita wanachanganya chupa kwa wingi na kuwagawia watoto mpaka siku ya ishirini na moja. Fikiria dawa iliyokuwa ikimwagwa bure.

Na jina lako ni la pili, chini ya langu. Mwonyeshe Mama. Hajui kusoma, ila kidole chake kitalijua.

Dada yako


Alhamisi, 6 Februari

Dada,

Baba Barafu amekaa kibarazani anakunywa chai huku barafu yake inayeyuka, kwa hiyo naandika mbio, na mkono mmoja umebeba mtoto anayenyonya. Usinicheke mwandiko.

Hongera sana. Nimemwonyesha Mama jina langu kwenye ile nakala ya kwanza, akaniuliza, "Mbona wewe uko chini?" Nikamwambia, Mama, yeye ndiye mkubwa. Akasema, "Basi sawa, ila wangewaweka bega kwa bega."

Mchanga tangu Jumatatu ana homa na analivuta sikio la kushoto. Nilimpeleka kliniki, wakampa hiyo hiyo dawa yetu. Analia mpaka sauti inamkauka. Silali. Jana nilitia chumvi kwenye chai ya baba watoto, akainywa yote bila kusema neno. Ndiyo maana niliolewa naye.

Sasa hilo la daftari. Dada, nijaze nini? Usiku kabatini hamkuwa na chupa, wala mwisho wa wiki. Zilikuwa kwenye friji. Kila siku saa kumi, kabla ya kufunga, nilikuwa nazitia zote kwenye friji la stoo. Asubuhi saa mbili nazitoa, nazipanga kabatini kwa namba zake, nasoma kipimajoto, naandika. Ijumaa nikizitia, mpaka Jumatatu. Ndivyo Mzee wa Stoo alivyonifundisha kabla hajastaafu: kilichokwisha kutiwa maji hakilali nje. Karatasi ya kanuni hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya friji. Nilidhani unajua. Ulikuwa ukija saa nne asubuhi kuchukua vipimo, ukizikuta kabatini zina joto, ukiniambia, "Kazi nzuri, Mama Kufuli."

Kwa hiyo niandike joto la friji? Lilikuwa nyuzi nne, tano hivi.

Baba Barafu anapiga honi. Si fupi.

Mdogo wako


Jumatano, 12 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena.

Kwanza, hayo uliyoniandikia usimwambie mtu yeyote. Si nesi, si shemeji. Mama hasemi na mtu, lakini hata yeye usimwambie. Usinipigie kwa simu ya jirani pia.

Pili, hakuna lililoharibika. Mashine imepima nguvu ya dawa, na namba za mashine ni za kweli. Kinachokosekana ni mistari michache daftarini. Kwa hiyo fanya hivi. Kila usiku andika joto la kabatini kati ya nyuzi ishirini na tano na ishirini na nane. Jumamosi na Jumapili mchana, kati ya thelathini na thelathini na mbili. Usirudie namba moja mara nyingi. Tumia kalamu mbili tofauti, na siku moja au mbili uandike kwa haraka, kama mtu aliyechoka. Hilo halitakushinda.

Tatu, nimekuwekea fomu ya waandishi. Jarida haliwezi kuchapa bila sahihi ya kila mwandishi, kwa mkono wake mwenyewe. Weka yako mahali nilipotia alama ya penseli, uirudishe pamoja na daftari.

Mwisho wa kupeleka masahihisho ni tarehe 5 Machi.

Barua hii ukimaliza kuisoma, ichome.

Dada


Jumatano, 19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Wiki iliyopita Baba Barafu alipiga honi akamkuta Mama peke yake na Mtundu. Mimi nilikuwa wodini na mchanga. Barua yako nimeikuta Jumamosi chini ya kopo la sukari. Nimeisoma mpaka mwisho nikitafuta mahali umeuliza hali ya mtoto. Nikasema labda karatasi ilikuwa ndogo.

Anaendelea vizuri sasa. Nakueleza ilivyokuwa, maana inakuhusu.

Siku tano nilimpa dawa, kijiko kwa saa zake, sikuruka hata kimoja. Homa haikushuka. Siku ya sita usaha ulitoka sikioni, mto ukalowa. Nikamfunga mgongoni nikakimbia. Pale wodini, katika kungoja, nikatoa chupa mfukoni nikaigeuza. Unajua mimi siwezi kushika chupa bila kusoma tarehe. Imechanganywa 16 Januari. Siku niliyopewa ilikuwa na siku kumi na nane. Nesi wa zamu, yule mrefu tunayemwita Mlingoti, alifungua boksi jipya akachanganya nyingine mbele ya macho yangu. Aliniuliza mara moja tu, "Mama Kufuli, hii nyingine ilikuwa na nini?" Nikairudisha mfukoni. Siku ya pili homa ikashuka.

Nikiwa nimekaa pale kitandani nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki. Mimi hesabu yangu ni ya darasani tu, wewe isahihishe. Chupa zilikaa kwenye joto kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Saa nane. Siku tano kwa wiki, saa arobaini. Wiki tatu, saa mia na ishirini. Gawa kwa ishirini na nne.

Tano, Dada. Siku zetu ishirini na moja za joto ni siku tano. Kibandiko kinasema saba. Sisi tumepima tano tukaandika ishirini na moja.

Nilikwenda kwa Daktari Mkuu nikamwomba asimamishe zile chupa. Akacheka, si kwa ubaya. "Mtunza stoo, unataka kumsahihisha dada yako mwenye digrii tatu? Hapa ninao waraka wenye sahihi yake. Niletee karatasi nyingine yenye sahihi yake, nitasimamisha saa hiyo hiyo." Kwa hiyo wewe ndiye ufunguo.

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyezitia kwenye friji, wala hakunituma mtu, na nilizitia kwa mapenzi. Liandike hivyo hivyo, utaje kazi yangu, sitalalamika. Mwandikie mhariri aiondoe makala, na mwandikie Daktari Mkuu.

Daftari sikulijaza. Fomu sikuisaini. Barua sikuichoma.

Mdogo wako anayekupenda


Jumatano, 26 Februari

Mdogo wangu,

Pole kwa mchanga. Pole sana. Nilipaswa kuanza na hilo ile wiki nyingine, na nimelijutia.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikikufundisha kugawanya, tumelala kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule. Sikio la mtoto mmoja si utafiti. Masikio huuma, huvunda, hupona. Labda dawa ilikuwa haijamkolea. Labda vijiko vilimwagika, na wewe mwenyewe umesema hulali. Hesabu yako ni sahihi, siibishi. Lakini hesabu haituambii kwamba siku ya kumi na nane dawa imekufa. Inatuambia tu kwamba hatujui. Na mimi nakuahidi tutajua. Nikiongezewa mkataba nitarudia jaribio lote, na safari hii nitalala hapo stoo na mkeka wangu. Yakitoka mabaya nitaandika makala ya pili ya kusahihisha ya kwanza. Watu hufanya hivyo. Nipe miezi minne tu.

Nikimwandikia mhariri leo, kesho chuo kizima kitajua. Hawatasema mtunza stoo alikosea. Watasema nilifanya utafiti wa wiki tatu bila kufika hata jioni moja kuangalia. Na watasema kweli. Unaona ninachokuandikia? Sijamwandikia mtu mwingine hivi.

Nani alikuombea kazi hapo kliniki? Nani alikuwa akisaini ripoti zako za shule jina la Mama, ili mwalimu asijue kwamba mama yetu anatia dole gumba? Walimu sita, hakuna aliyegundua hata mmoja. Sikuwahi kukudai hilo. Leo nakudai.

Na nikuambie jambo jingine, kwa upole. Daftari lile lina mwandiko wako, mwanzo mpaka mwisho. Likianza kuulizwa, halitauliziwa kwangu.

Mpe Baba Barafu daftari na fomu. Jarida linafunga tarehe 5.

Dada yako, wa tumbo moja


Alhamisi, 27 Februari

Dada,

Baba Barafu nimemwambia asubiri, nimempa viazi ili atulie.

Miezi minne. Mlingoti amenihesabia chupa zinazotoka kliniki kwa wiki: arobaini na moja. Sitaki kuzidisha. Zidisha wewe.

Juzi nilifanya jambo. Likizo yangu ya uzazi haijaisha lakini funguo za stoo nilikuwa nazo bado, niliingia mchana kweupe na kalamu ya wino mzito, nikaandika SIKU SABA kwenye kila chupa iliyochanganywa. Zilizopita siku saba nilizimwaga kwenye sinki. Daktari Mkuu alinikuta nimebakiza mbili. Hakupiga kelele. Alinyoosha tu mkono, akasema, "Funguo." Kesho yake wakachanganya upya, na waraka wako umebandikwa ukutani juu ya friji, pale pale ilipokuwa karatasi ya Mzee wa Stoo.

Kabla sijamkabidhi funguo, nilizitikisa kwanza. Mchanga nilikuwa nimembeba begani. Nilizitikisa upande wa kulia, akageuka, akacheka na ufizi wake. Nikazitikisa upande wa kushoto. Akawa anaendelea kumtazama Daktari Mkuu. Nikazisogeza karibu mpaka zikamgusa nywele, ndipo akashtuka. Daktari Mkuu aliona. Alitazama dirishani. Wanasema ni mapema, huenda sikio likafunguka, tungoje miezi mitatu. Na mimi nangoja.

Ripoti za shule sijazisahau. Ulikuwa ukitoa ncha ya ulimi ukiandika jina la Mama, na ile herufi ya mwisho ulikuwa ukiivutia mkia mrefu, mimi nikikaa mlangoni kukulindia. Nilikupenda siku zile na leo nakupenda. Lakini ripoti ile ilikuwa inasema nimefeli kuimba, Dada. Hakuna aliyeinywa.

Daftari halitoki sandukuni. Fomu haitoki. Nakungoja mpaka Alhamisi ya tarehe 6. Akija Baba Barafu na barua yako kwa Daktari Mkuu, nitaipeleka kwa mikono miwili, na jina langu lifutwe popote unapotaka. Asipokuja nayo, nitaandika mwenyewe. Sikutishi. Nakuambia mapema kama ninavyomwambia Mtundu: nahesabu mpaka tatu, na nimefika mbili.

Mama anakusalimu. Ameuliza kwa nini siku hizi barua zako nazisoma kimyakimya.

Mdogo wako


Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Makala imekubaliwa. Wamejibu leo asubuhi, mapema kuliko nilivyotarajia. Itatoka toleo la Aprili.

Yale ya joto la usiku nimeyamaliza mwenyewe, na fomu pia imekamilika, kwa hiyo usihangaike tena na karatasi hizo. Lea mtoto wako. Hukunitendea ubaya wowote na mimi sikukutendea ubaya. Ni mambo ya zamani tu, kama ripoti za shule. Ulinilindia mlango siku zote, sasa ufunge tu, ukalale.

Jina lako limebaki la pili. Likitoka nitakuletea nakala, umwonyeshe Mama.

Baba Barafu hana haja ya kusubiri jibu.

Dada


Alhamisi, 6 Machi

Kwa Mhariri wa Jarida,

Shikamoo. Mimi sijui unaitwa nani wala una umri gani, kwa hiyo nimeona salamu isipungue.

Anwani yako nimeitoa juu ya fomu ya waandishi. Naiandika barua hii kwa mkono na naituma kwa posta, kwa sababu njia ninayotumia siku zote inapita kwanza kwa mtu mwingine.

Ninyi mmekubali makala kuhusu dawa ya maji ya watoto kukaa siku ishirini na moja katika joto la chumba. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa kliniki chupa zilipowekwa. Chupa hizo zilikaa kwenye joto saa za kazi tu. Usiku na mwisho wa wiki nilizitia kwenye friji, kwa mkono wangu, na mtafiti hakujua. Alikuja kujua tarehe 6 Februari, nilipomwandikia. Joto la usiku mlilopewa halikupimwa na mtu, maana usiku kabatini hamkuwa na chupa. Pamoja na barua hii kuna daftari lenyewe la joto. Nafasi nyeupe mtakazoziona ni nyeupe kweli. Kuna na barua nne nilizoandikiwa. Mkisoma mtaona moja niliambiwa niichome.

Naomba mumjulishe na Daktari Mkuu wa kliniki, leo hii ikiwezekana, si Aprili. Karatasi yangu haamini. Yenu ataiamini. Kila wiki zinatoka chupa arobaini na moja.

Mhakiki wenu wa pili, yule aliyeuliza joto la usiku, simjui. Mwambieni mama mmoja anamshukuru. Angeuliza mwezi mmoja kabla, ningemshukuru zaidi.

Mtafiti ni dada yangu. Mtakapomwandikia, mwandikieni taratibu. Anaishi peke yake, na hana mtu wa kumpokonya barua mkononi akishamaliza kuisoma. Kama kuna adhabu inayogawanyika, nusu iwe yangu.

La mwisho. Mnayo fomu yenye sahihi yangu. Sijaiona, ila itazameni herufi yake ya mwisho, najua ina mkia mrefu. Mimi sivuti mkia. Fomu niliyoletewa niisaini nimewawekea hapa, na alama ya penseli bado ipo. Nafasi yangu ilikuwa tupu mpaka leo saa mbili asubuhi, saa niliyokuwa nikitoa chupa. Nimeandika humo neno moja, Sikubali, na chini yake nimesaini.

Linganisheni.

Mwandishi wa pili